Sauti ya Kukodiwa

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimepata kazi. Nimechoka hata kuifurahia.

Tracy alipiga asubuhi, yule dada wa studio ya Nairobi. Wanatia sauti za Kiswahili kwenye gemu moja ya kompyuta, hadithi ya Wagiriki wa zamani — ngao, mikuki, miungu yao yenye hasira. Anasema alinisikia kwenye video nikitangaza vita vya fahali Malinya. Alidhani mimi ni mtu mnene. Nikamwambia unene uko kooni tu.

Shujaa sikupewa. Shujaa ni kijana fulani wa Nairobi. Mimi ni Feidoni, mamluki. Mtu wa milimani aliyekodiwa kulinda lango la mji usio wake. Shujaa anafika, Feidoni anamzuia, wanatukanana kidogo, wanapigana. Feidoni anakufa. Nikauliza, anakufa kila mara? Tracy akasema kuna njia ya kumwacha hai, lakini wachezaji wengi hawana subira nayo.

Sawa. Tangu redio ituachishe kazi nimekuwa MC wa harusi, wa matanga, hata wa ufunguzi wa duka la mbolea. Mtu wa kusimama langoni nitamweza.

Mke wangu Awinja amefurahi kuliko mimi. Yuko zamu Lodwar, alinipongeza kwa simu huku mgonjwa akimwita sista, sista.

Alhamisi, 4 Septemba

Studio ni kabati la nguo. Nimetoa mbao za ndani, nimetundika blanketi, godoro la wageni nimeliegemeza mlangoni. Ndani kuna joto kama la tanuri la matofali. Na hii Kakamega yetu! Saa nane mawingu, saa tisa mabati yanapigwa mpaka sijisikii nikifikiri. Kazi ni ya asubuhi tu. Na asubuhi kuna jogoo wa jirani yangu Jepkosgei, ambaye hajui kunyamaza.

Tracy ananielekeza masikioni kutoka Nairobi. Anasema, Cornelius, asiwe mbaya. Awe amechoka. Amelinda malango mengi.

Hapo sikuhitaji kuigiza.

Halafu kuna mahali Feidoni anacheka kabla ya kusema. Nikacheka. Tracy akasema ni hicho hicho, umekitoa wapi hicho kicheko? Nikamwambia kimekuja tu.

Hakikuja tu. Ni cha Isaiah. Ndugu yangu huyu hucheka kwanza ndipo aseme, kama mtu anayepiga hodi. Hata matanga ya Baba alicheka kwanza, halafu akaanguka chini akalia. Nimekichukua bila kumwuliza.

Jumamosi, 6 Septemba

Malinya tangu alfajiri. Umande mpaka magotini, ngoma za isukuti zinapigwa, watu wamepaka matope. Fahali mmoja aliletwa kutoka mbali kwa lori, watu wakaanza kumzomea: mamluki! mamluki! Akashinda. Wakanyamaza. Nami na kipaza sauti changu ikabidi nimsifu.

Nikapita kwa Mama kunywa chai. Maurine, mke wa Isaiah, alikuwa anaanika mahindi. Amebaki na Mama hapo nyumbani tangu Isaiah asafiri mwezi wa sita. Kazi ya kuendesha malori ya ghala, huko nchi ya baridi. Ajenti alikuja mpaka sokoni na picha za malori mapya. Isaiah ana leseni, ana nguvu, hana kazi. Nani angemkataza? Mimi sikumkataza.

Mama akauliza hiyo kazi yangu ya kabatini ninakuwa nani. Nikasema, mamluki.

"Kama ile ng'ombe?"

"Kama ile ng'ombe, Mama."

"Na mama yake anajua mahali ako?"

Maandishi waliyonitumia hayataji mama.

Kesho ni Jumapili. Isaiah humpigia Mama kila Jumapili baada ya kanisa, kwenye ile simu ndogo ya Mama ya vitufe. Mama huanza kuishika mapema, kabla hata ya sadaka.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimekufa siku nzima. Nimekufa kwa mkuki. Nimekufa kwa upanga. Nimeanguka kutoka ukutani. Nimeungua. Ya moto ilirudiwa sana. Tracy anasema ninalia kama mtu anayeita mtu, na Feidoni hana wa kumwita.

Katikati ya kuungua, mlango ukagongwa. Jepkosgei, na mwiko mkononi.

"MC, ni nini? Nimesikia unauawa."

Nikamwonyesha kabati. Akachungulia, akatazama blanketi, akanitazama. Akasema watu hulipwa kwa mambo. Baadaye akaniletea uji kwenye jagi.

Koo limekwaruzika. Tangawizi, asali, kulala mapema.

Jumapili, 14 Septemba

Isaiah hakumpigia Mama leo. Alinitumia mimi ujumbe wa sauti kwa WhatsApp.

Alicheka kwanza. Kisha: "Bro, niko poa. Tumehamishwa. Malori hakuna, tumepewa nguo zingine. Nimepatana na jamaa wa Uasin Gishu, Kipngeno, tunalala chumba kimoja. Mama usimwambie kitu. Nitapiga network ikipatikana."

Nyuma yake kuna mtu anafoka kwa lugha nisiyoijua. Na mlio mmoja, kama mlango wa mabati umefungwa na upepo.

Nikaingia kabatini, nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikausikiliza tena. Kazi hii imenifundisha kusikiliza. Si mlango.

Mama nimemwambia Isaiah amenisalimia, simu yake ina shida. Akauliza mbona hiyo shida haikumzuia kunisalimia mimi. Nikasema ni mambo ya intaneti. Mambo ya intaneti hawezi kubishana nayo.

Ijumaa, 19 Septemba

Maurine alikuja mjini leo. Kwa Mama alisema anaenda kununua sabuni. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba mapajani, hakutaka chai. Kisha akanipa simu yake.

Picha. Isaiah na kofia ya chuma. Nguo za jeshi, si za jeshi letu. Bunduki ameishika kama anavyoshika jembe, mkono wa kushoto juu. Anajaribu kutabasamu. Alimtumia usiku halafu akaifuta, lakini Maurine alikuwa ameshaihifadhi.

"Shemeji, hii ni kazi gani ya lori?"

Nikamwambia ninavyofikiri. Walipofika walinyang'anywa pasipoti, wakapelekwa mafunzo ya siku chache, sasa wako kwenye vita visivyo vyao. Nimesikia wengine wakisimulia hivyo. Niliona ni mambo ya watu wengine.

Hakulia. Alisema Isaiah hawezi hata kuchinja kuku. Kuku wa Krismasi huchinja yeye Maurine, Isaiah anaenda nyuma ya nyumba mpaka kazi iishe.

Tumekubaliana Mama asijue. Presha yake haitabiriki.

Alipoondoka nikapiga simu Nairobi, ofisi hii, ofisi ile. Zote zina muziki mzuri wa kumngojesha mtu.

Jumatatu, 29 Septemba

Kimya. Jumapili nyingine imepita.

Mama anasema baridi ya huko inagandisha simu. Nimesherehesha harusi Shinyalu. Nilichekesha watu. Nimechoka.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mama ameanguka.

Mvua ilianza ghafla, akakimbilia mahindi kwenye turubai, uani kukateleza. Maurine alimkuta amekaa kwenye matope, mguu umegeuka, bado ameshika kona ya turubai. Tukamleta mjini kwa gari la jirani. Nilimbeba kutoka getini mpaka kwenye machela. Amekuwa mwepesi. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo.

Nyonga imevunjika. Daktari, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, anasema afanyiwe upasuaji upesi. Mzee akilala tu hivi, mapafu yanaingia maji, damu inaganda. Akipasuliwa atatembea. Asipopasuliwa — hakumaliza.

Jumamosi, 4 Oktoba

Amekataa.

Muuguzi alileta fomu ya kuweka kidole gumba. Mama akaficha mkono chini ya shuka kama mtoto.

"Watanilaza na dawa," akaniambia. "Sindio?"

"Ndiyo, Mama. Husikii uchungu."

"Na nikienda na hiyo usingizi? Sijasikia mtoto wangu mwezi mzima sasa."

"Utaamka. Wanafanyiwa wengi."

"Kornelio, sijakataa kupasuliwa. Nimesema nisikie Isaiah kwanza. Hata kama ni kusema tu Mama, basi. Ndio nilale."

Akageuza uso ukutani. Daktari amesema anaweza kungoja mpaka Jumanne, Jumatano. Si zaidi.

Nimempigia Isaiah mpaka mkono umechoka. Haiingii. Jumbe zote zina alama moja tu, hazijafika.

Jumapili, 5 Oktoba

Tulikaa na Maurine kwenye kibanda cha chai nje ya geti la hospitali. Alikuwa anakatakata mandazi vipande vidogo bila kula. Akasema bila kuniangalia:

"Shemeji, sauti zenu ni moja."

Nikajua anakokwenda. Nikanyamaza ili asiende.

"Hata mimi kwa simu mnanichanganyanga. Ni kicheko tu kinawatenga. Na wewe unaweza watu wote. Ulisomanga habari, unatangaza ng'ombe, sasa ni huyo mzungu wa kabati."

"Mgiriki."

"Huyo."

Nikamwambia huyo ni mama yangu, si gemu. Akasema anajua ni nani, yeye ndiye anayemwosha kila asubuhi.

Nikampigia Awinja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwanza akasema, "Utaanza. Utamalizaje?" Nikasikia mashine za wodi yake. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kazi, "Lakini nyonga haingoji." Yote mawili alisema yeye. Nilitaka achague moja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefanya.

Nilinunua laini mpya. Maurine akaihifadhi kwenye simu ya Mama kwa jina la Isaiah, akakaa naye kitandani. Mimi nikaenda nyuma ya dobi ya hospitali, pale shuka zinapoanikwa, ndipo palikuwa na utulivu. Nikajaribu kile kicheko. Kikatoka cha Feidoni. Nikajaribu tena. Mama mmoja aliyekuwa anakamua shuka akahama upande wa pili.

Nikapiga.

"Haro?"

Nikacheka. Kidogo, kama hodi.

Upande wa pili nikasikia pumzi tu. Halafu: "Uuuwi. Isaiah. Isaiah wangu."

Tuliongea kwa lugha ya nyumbani. Aliuliza ninakula nini. Nikasema viazi na kabichi. Akauliza, obusuma hakuna? Nikasema hakuna, Mama, watu wa huku hawaujui ugali. Akawasikitikia watu wa huko. Akauliza baridi. Nikasema nimepewa koti zito. Akauliza kama naomba. Nikasema naomba.

Kisha akaanza kunieleza habari za nyumbani, na habari za nyumbani ni mimi.

"Ndugu yako ndiye alinibeba," akasema. "Mgongo wake si mzuri na alinibeba. Anakohoa, anapiganga kelele kwa kabati siku mzima. Umwambie apumzike, mimi hanisikii. Wewe nilikuzaa ukicheka. Huyu mwingine alizaliwa mzee. Namwonea huruma, lakini sijui kumwambia."

Nilishika ile kamba ya shuka.

"Nitamwambia, Mama."

"Umwambie polepole."

Nikamwambia akubali kupasuliwa. Akasema kama mimi nimesema, amekubali. Akaomba kwa simu, ombi refu. Mwisho akauliza lini tena. Nami, bila kufikiri, kwa sauti ya Isaiah kabisa, nikasema: Jumapili, Mama, kama kawaida.

Niliporudi wodini alikuwa ameshaweka kidole gumba. Kina wino bado. Akaniambia Isaiah amepiga, amenenepa, inasikika. Na kwamba ana ujumbe wangu, nimpigie mwenyewe nitaupata.

Jumatano, 8 Oktoba

Upasuaji umeenda vizuri. Ameamka akiomba chai. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Maurine na mimi hatuangaliani machoni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Kelele za uwanjani zinafika hapa kwangu Amalemba. Wamepata MC mwingine, na nashukuru.

Mama yuko nyumbani Malinya, anatembea na kile chuma cha miguu minne, anakigombeza kama mbuzi mkaidi. Jumapili zote mbili nimepiga. Nimempa Isaiah theluji. Nimempa kitanda karibu na jiko. Nimemwambia Mama habari za Kipngeno, sasa Kipngeno anaombewa kanisani kwa jina, na akina mama wa kwaya wanauliza kama ameoa. Mama aliuliza mbona yeye hawezi kunipigia. Nikamwambia kutoka huko simu haziingii, angoje tu ya kwangu.

Ili nisikosee ninasikiliza jumbe za zamani za Isaiah, zile za kuniomba nimtumie vocha, zile za mpira. Nimezisikiliza mpaka zimeanza kupotea. Jana alisema neno moja kwenye simu — yaani nilisema mimi — na sikujua kama huwa analisema yeye au nimelitunga.

Tracy ametuma maandishi mapya. Wameongeza ile njia ya kumwacha Feidoni hai. Wanataka maneno yake ya kuomba.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kabatini. Asubuhi, hakuna mvua, jogoo amenyamaza kwa ajabu yake.

Feidoni anatupa mkuki chini. Anasema: Sina ugomvi na wewe. Mji huu si wangu. Niache nipite, kuna mtu ananingoja.

Nilisema mara moja. Tracy akasema, kwa sauti ya chini, tumepata, Cornelius, hatutarudia. Akaongeza kwamba wamewapa watu wajaribu gemu, na wengi wanamwua hata baada ya kutupa mkuki. Wanasema ni haraka zaidi.

Nikabaki humo ndani baada ya simu kukatika. Kulikuwa na giza zuri. Nilisinzia nimekaa.

Jumanne, 28 Oktoba

Namba ndefu ya ng'ambo. Nilikuwa dukani Masinde napimiwa maharagwe, nikaacha mfuko hapo kaunta, nikatoka nje.

Hakuwa Isaiah. Alikuwa Kipngeno. Sauti ya polepole, kama mtu anayesoma kitu kilicho mbali. Yuko hospitali ya huko, mkono wake wa kulia umekatwa. Simu aliazimwa na mgonjwa mwenzake. Namba yangu Isaiah alimwandikia ndani ya kofia, kila mmoja alimwandikia mwenzake namba ya nyumbani.

Alisema walitolewa asubuhi, kikundi, wavuke shamba mpaka kwenye mstari wa miti. Isaiah alikuwa mbele. Kipngeno akapigwa, akaburutwa nyuma na watu asiowajua. Alipogeuka, shamba lilikuwa moshi. Hakumwona tena. Kila afisa anayepita wodini anamwuliza, na jibu ni moja. Hayupo.

"Wanasema amekufa?" nikauliza.

"Hapana. Hawasemi kufa. Wanasema hayupo."

"Wewe unasema nini?"

"Hiyo asubuhi alikuwa anachekacheka tu, kaka. Tukamwambia anyamaze."

Nikauliza ilikuwa lini. Akasema mwezi wa tisa, mwishoni.

Mwezi wa tisa.

Mimi nilianza kumpigia Mama mwezi wa kumi.

Nilirudi dukani kuchukua maharagwe. Mwenye duka akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikasema ni mambo ya kazi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemwambia Maurine. Tulikuwa nyuma ya nyumba, Mama amelala. Alikuwa anapukuchua mahindi. Niliposema, mikono yake haikusimama. Punje ziliendelea kuanguka kwenye beseni. Alipomaliza gunzi lile akachukua jingine.

"Hayupo si kufa," akasema.

"Si kufa."

"Jumapili usipige."

"Sawa."

Punje. Punje. "Hapana. Piga. Atajua kitu iko."

"Maurine —"

"Sijui, shemeji. Usiniulize mimi. Mimi sijui." Hapo ndipo akaweka beseni chini, akavuta leso juu ya uso, akakaa hivyo hivyo, wima. Niliketi karibu naye mpaka Mama akaita kutoka ndani, nani amemwaga maji ya kuku.

Awinja amesema yatosha. Ameomba ruhusa, anafika Jumatatu. Mama aambiwe ana kwa ana, mchana, mchungaji akiwepo, dawa za presha zikiwa karibu. Na aambiwe yote: Isaiah hajulikani aliko, na zile simu zilikuwa mimi. Nikasema ya pili inaweza kungoja. Awinja akasema hiyo ya pili ndiyo itakayomwumiza zaidi akiisikia kwa mwingine.

Anasema kweli. Nimechoka na watu wanaosema kweli.

Jumapili, 2 Novemba

Sikwenda Malinya. Sikwenda kanisani.

Nimeweka ile simu ya laini mpya mezani, uso chini. Nilisema sitapiga. Mtu wa vitani anaweza kukosa Jumapili moja. Kesho Awinja atakuwa hapa, tutaenda wote, mchungaji ameshakubali kuja saa sita. Ni leo tu ya kuvuka.

Saa ya kupiga ikafika. Nikaosha vyombo. Nikaosha vilivyokuwa safi. Ikapita.

Mvua imeanza, si kubwa. Maurine ametuma ujumbe: "Shemeji, hajala. Ameketi mlangoni na simu. Nimemwambia huenda ni network. Ananiangalia tu."

Kisha mwingine: "Joash wa jirani amekuwa hapa. Amemwambia kuna vijana wa huku wameuawa huko, imetangazwa kwa redio. Amesema bila kujua. Mama amemjibu wangu ni wa malori."

Nilikuwa navaa viatu. Niende, basi, niende leo, nikae mbele yake na uso wangu. Nimefunga kimoja.

Mezani kukatetemeka.

Mama hajawahi kupiga namba hii. Nilimwambia haziingii. Amepiga hata hivyo. Nikaigeuza simu — "Mama". Ikaita mpaka ikakatika. Nikafikiri sasa ataamini haziingii. Lakini imeita, ameisikia ikiita huko kwake. Sasa anajua inaita.

Ujumbe wa Maurine: "Amebonyeza mwenyewe. Anasema imeingia! Anafurahi. Anapiga tena. Nifanyeje?"

Inatetemeka tena. Naandika huku inatetemeka, kalamu inarukaruka.

Nimesema "Mama" hapa peke yangu, kupima. Imetoka sauti yangu. Nimemeza mate, nimesema tena. Yangu. Ile nyingine naitafuta kooni sijui imekwenda wapi.

Imekatika.

Inaita.